Mhariri, si kila mbolea inayogoma ni feki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua za wasomaji huwa mnazipunguza, ila hii ukiikata katikati itabaki lawama tupu na mi sikuja kulaumu, kwa hiyo kama haienei kwenye toleo moja igawe mara mbili, nitasubiri.

Hapa kijijini siku hizi mtu akiweka mbolea na mazao yasibadilike neno linalomtoka ni moja tu, nimeuziwa feki. Mi mwenyewe nimelisema sana hilo neno. Mwaka juzi nilisimama mbele ya duka la pembejeo nikapiga kelele mpaka wenye bodaboda wakazima pikipiki zao wasikilize, kijana wa duka masikini ananiambia mzee tulia, mzee karibu ukae, mi wapi, na mfuko mtupu ninao mkononi kama ushahidi. Mbolea feki zipo, sibishi, na wanaozitengeneza Mungu anawaona. Lakini ule mfuko wangu haukuwa feki, na kijana yule nilikuja kumwomba radhi miezi mitano baadaye. Kilichotokea ni kwamba potashi niliyoweka, kile chakula cha mmea kilichomo kwenye mbolea, udongo wangu mwenyewe uliishika ukainyima mimea, na hicho ndo kitu ambacho hamna mtu alishawahi kunieleza toka nianze kushika jembe.

Nina mashamba mawili Kwimba. Moja liko juu kwenye luseni, lingine liko chini karibu na lambo, pale mbuga inapoanza. Kwa Msukuma sina haja ya kuendelea, kashaelewa, ila kwa msomaji wa Tanga au Songea niseme kwamba sisi udongo tunauita kwa majina yake, luseni ni ule mchanga mwepesi wa juu ambao karanga na mihogo inaupenda, ukishuka unakuta ibambasi, ile ngumu ya kijivu inayokatalia jembe, na huko chini kabisa ndo mbuga yenyewe, nyeusi, masika inakuvua ndala na kiangazi inapasuka nyufa unapitisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Wazungu walikuja kuliona hilo wakalipa jina, alikuwepo mtaalamu wa udongo anaitwa Geoffrey Milne pale kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, mwaka 1935 akaandika neno katena, maana yake udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Bibi zetu walikuwa wanapanda kwa mpangilio huohuo bila kuandika popote, ila sawa, tumshukuru maana alisema kitu cha kweli.

Sasa mwaka juzi nikaingia kwenye nyanya, mashamba yote mawili, nikanunua pampu ya petroli kwa pesa ya ng'ombe. Dukani nikaelekezwa mfuko wa NPK 17, ile yenye naitrojeni, fosforasi na potashi kwa pamoja, kwa kupandia, urea ya kukuzia, halafu zikianza maua niweke MOP, mbolea ya potashi, ile nyekundunyekundu inayofanana na chumvi ya mawe, kisoda kimoja kila shina. MOP yenyewe kwetu haipatikani kirahisi, mpaka iagizwe Mwanza, nikaagiza. Nikaweka kisoda kwa kisoda, mke wangu upande huu mi upande ule, siku mbili mgongo hauna kazi.

Kule juu kwenye luseni zikaitikia haraka, kama wiki mbili hivi majani yakawa kijani mpaka majirani wanapita wanauliza. Ikaja mvua kubwa siku tatu mfululizo, na baada ya hapo zikaanza tena kugeuka njano pembeni. Kule chini mbugani ndo kabisa, hamna kilichobadilika tangu siku ya kwanza. Majani ya chini, yale ya zamani, kingo zake zikaanza kukauka kama zimepigwa pasi ya moto, katikati jani bado kijani ila ukingo wote kahawia, na matunda yakawa yanaiva nusunusu, juu karibu na kikonyo panabaki njano gumu wakati chini pekundu. Mnunuzi akija na matenga yake anayageuza moja moja, haya sitaki, haya sitaki. Ndo hapo nikaenda kupiga kelele dukani.

Mpwa wangu anasoma mambo ya udongo SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro. Alikuja likizo, nikampeleka shamba akayaone mwenyewe, nikamwambia ona mjomba wako nilivyoibiwa. Akachuma jani akaliangalia, akachukua bonge la udongo wa mbuga akaliloweka mate akalifinyanga kama mtu anayetaka kutengeneza chungu, akacheka.

"Mjomba, mbolea yako siyo feki. Imo humuhumu."

"Imo humu wapi sasa, mbona nyanya haziioni?"

"Imefungiwa ndani."

Nikamwambia we mtoto usinichezee, hayo ndo mmefundishwa kwa ada zetu? Akanikalisha chini ya mwembe akanieleza, na mi najaribu kuyarudia kama nilivyoyaelewa, wataalamu mtanisahihisha.

Udongo wa mfinyanzi ukiuangalia kwa zile darubini zao kali si vumbi la duara kama mchanga, ni vijikaratasi vyembamba sana vimelaliana kama majani ya kitabu. Na kila kijikaratasi usoni kina vishimo vimepangwa vizuri. Chukua ubao wa bao, mwingine uugeuze uso chini uufunike juu ya huo wa kwanza ili mashimo yatazamane, halafu kete ikiwa mle katikati haitoki mpaka utenganishe mbao. Hiyo kete ndo potashi. Chembe ya potashi kwa ukubwa wake inaenea kwenye kile kishimo kama vile imepimiwa. Kalsiamu na magnesiamu hazinasi hivyo kwa sababu zinatembea zimevaa koti zito la maji na kulivua hazikubali, potashi koti lake jepesi inalivua haraka inaingia. Na vijikaratasi vyenyewe vina chaji hasi, potashi ina chaji chanya, kwa hiyo vinavutana. Udongo ukikauka ndo vinabanana zaidi, kete inabaki humo.

Nikamuuliza kwa hiyo udongo wote ni mwizi? Akasema hapana, na hapa ndo palinifungua macho. Mfinyanzi una aina zake. Ile ya udongo mwekundu uliochakaa kwa mvua za miaka mingi inaitwa kaolinaiti, vijikaratasi vyake vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe hakuna kinachopenya katikati, hiyo potashi haiifungii, bali haina hata pa kuiweka, mvua ikija inaondoka nayo. Udongo mwekundu kama huo ugomvi wake mkubwa ni fosforasi, DAP yako, ile mbolea ya fosforasi, ndo itanasa humo, potashi itapita. Kuna smektaiti, hiyo ndo ya kwenye mbuga, inavimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, zile nyufa ni yeye. Smektaiti nyingi inashikilia potashi usoni tu na kuiachia, lakini ile yenye chaji kubwa inaifungia sehemu, hasa shamba likiwa linalowa na kukauka, linalowa na kukauka, kama mi nilivyokuwa namwagilia kwa pampu mara mbili kwa wiki nikitegea bei ya petroli. Halafu kuna ilaiti iliyochakaa na vamikulaiti, hizo ndo sugu zenyewe, unaweza kumwaga mfuko na zikameza karibu wote. Kwa hiyo akaniambia mjomba si kila mbuga inafanana, yako itabidi ipimwe.

Ikapimwa. Na hapa Mhariri naomba wenye maabara wanisikilize maana hapa ndo pana jambo. Sampuli nilishawahi kuipeleka mahali kabla, sitasema wapi, nikarudishiwa karatasi imeandikwa kwenye mstari wa potashi: ya kutosha. Nikaifurahia nikaiweka kwenye Biblia. Sasa mpwa alipoiona akaniuliza mjomba unajua walipimaje? Wanachukua udongo wanauosha na maji ya dawa yenye amoniamu, ile amoniamu inaisukuma potashi iliyokaa usoni mwa udongo, wanaihesabu. Ile ya ndani iliyofungiwa dawa haiifikii, na wala kipimo hakisemi ukiongeza potashi leo itabaki kiasi gani kesho. Halafu karatasi hiyohiyo mistari miwili chini ilionyesha kalsiamu na magnesiamu zimejaa tele, na hizo zinagombania mlango wa mzizi na potashi, kwa hiyo hata hiyo "ya kutosha" ilikuwa ya kutosha kwenye karatasi. Kipimo cha kuonyesha udongo unameza kiasi gani kipo na si cha ajabu, unachukua udongo wako, unauchanganya na maji yenye potashi uliyoipima, unauacha, ikiwezekana unaukausha na kuulowesha tena, halafu unaangalia imebaki ngapi ya kutolewa. Iliyopungua imemezwa. Yeye aliondoka na mfuko wa Rambo una udongo wangu wa mbuga na mwingine wa luseni, wakafanya kama zoezi huko chuoni, jibu likaja kwenye simu: luseni haikushika karibu kitu, mbuga ilishika sehemu kubwa. Sitaji namba maana ni sampuli moja ya shamba moja na sitaki mtu wa Maswa aichukue kama yake.

Tusilaumu maabara peke yao. Marekani kwenyewe, California, kwenye bonde la San Joaquin, wakulima wa pamba walipata shida hiihiihii, pamba inakauka majani mwishoni mwa msimu wakati vipimo vya kawaida havionyeshi shida inayolingana na hali ya shamba, kumbe udongo wa upande ule umetokana na graniti ya milima ya Sierra Nevada una vamikulaiti, na ikabidi waweke potashi nyingi mno kuliko vitabu vilivyokuwa vinasema ndo pamba ikaitikia. Kama wale na maabara zao walizungushwa, sisi na karatasi moja ya kwenye Biblia tungeponea wapi.

Na kitu kingine ambacho watu wanachanganya. Kufungiwa si kupotea. Mpwa aliniambia potashi kwenye udongo ni kama pesa ya mtu wa kijijini. Ipo iliyo mfukoni, hiyo ni ile iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, kidogo sana, mzizi unainywa hapohapo. Ipo iliyo kwenye simu, hiyo ni ile ya usoni mwa udongo, ukiihitaji unaitoa. Ipo ya kwenye kikoba, imefungiwa, kugawana mpaka mwisho wa mwaka, ukibanwa leo mama mwenyekiti hakupi hata ulie. Halafu ipo iliyo kwenye ardhi ya ukoo, hiyo ni ile iliyo ndani ya mawe yenyewe, na hiyo ndo nyingi kuliko zote, zaidi ya asilimia 90 ya potashi yote ya kwenye udongo iko humo. Haya majabali ya Mwanza mnayopigia picha yamejaa potashi. Kula hiyo sasa. Itatoka, ila kwa mvua na jua la vizazi na vizazi.

Kwa hiyo ile niliyoweka mwaka juzi mbugani sehemu yake itarudi kidogo kidogo mimea ikishaimaliza ya usoni. Shida ni kwamba nyanya ina miezi mitatu, haiwezi kusubiri kugawana kikoba.

Tuje kwenye hesabu, maana nilipopiga hii hesabu nilinyamaza kabisa. Mfuko wa NPK 17 kilo 50, ile 17 ya mwisho ni potashi kwa hesabu ya viwandani, inakuja kilo 8 na nusu, na potasiamu yenyewe halisi humo ni kama kilo 7. Udongo wa ekari moja kina cha sentimita 20, pale mizizi mingi ilipo, uzito wake ni kama tani 1,000. Kilo 7 ndani ya tani 1,000, yaani gramu 7 kila tani, nusu kijiko cha chakula kwenye tani nzima ya mfinyanzi wenye njaa. Hata isipofungiwa unategemea nini? Halafu tani moja ya nyanya inaondoka na karibu kilo 2 na nusu za potasiamu, matunda tu, sijahesabu majani na shina. Ukivuna tani 10 kwenye ekari umepakia kwenye Fuso kilo 24 hivi, ambazo ni kama mfuko mzima wa MOP, maana ule wa kilo 50 una kilo 25. DAP haina potashi hata punje. Urea haina. CAN haina. SA haina. Mtu miaka kumi anaweka DAP na urea tu anashangaa kwa nini nyanya haziivi vizuri, na anachouza kila msimu ni potashi. Wenzetu wa Bukoba na ndizi zao nao ni hivyohivyo, kila mkungu unaopanda gari kwenda Dar unaondoka na potashi ya kibanja, ila wao angalau wanatandaza majani na samadi.

Na hili siyo jambo jipya nchini. Mkonge wa Tanga zamani ulikuwa unanyauka kwenye shingo ya jani, karibu na pale linapoungana na shina, linakunjika, wakauita ugonjwa, kumbe ulikuwa ni upungufu wa potashi, na potashi ndo ikawa dawa yake. Pale Mlingano, Muheza, kituo kilichoanza kwa ajili ya mkonge, ndo leo TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wanashughulika na udongo wa nchi nzima. Sasa elimu hiyo iliyoanzia kwenye mashamba makubwa ya mkonge mbona haijateremka mpaka kwa muuza nyanya wa kwenye lambo?

Bwana shamba wetu simlaumu, ana kata nzima na pikipiki isiyo na mafuta. Lakini kikaratasi alichonacho kimeandikwa nyanya, ekari moja, mifuko kadhaa, basi. Hakiulizi luseni au mbuga. Kinatibu ekari kama vile ekari zote ni ndugu. Mi ningeomba wanaoandika hivyo vikaratasi waviandike kwa majina ya udongo tunayoyajua, mahali pengine wana majina yao pia, waende wakayaulize, maana mkulima ukimwambia udongo wenye smektaiti atakuitikia kwa heshima tu, ukimwambia mbuga anajua ni wapi na ataweka nini. Na maabara zetu kwa udongo wa mfinyanzi mzito waongeze huo mstari mmoja kwenye karatasi, udongo huu unameza potashi au haumezi. Hata waandike kwa maneno, mdogo, wa kati, mwingi.

Nilichobadilisha mimi mwaka jana ni hiki. Luseni niliacha kuweka MOP kwa mkupuo, nikaigawa mara tatu, kidogo wakati wa kupanda, kidogo maua yakianza, kidogo tunda likiwa kama gololi, maana kule hakuna wa kuishika, ukiweka yote leo mvua ya Jumapili inakunyang'anya. Mbuga nikafanya kinyume, sikumwaga wala kuchanganya na udongo wa shamba zima, nikachimba kifereji kando ya mstari, pembeni ya shina kwa vidole vinne hivi, nikaiweka yote pamoja na samadi nikafukia. Maana yake ikikaa mahali pamoja kwa wingi inakutana na udongo mchache, vishimo vya pale karibu vinajaa, inayobaki inakosa pa kufungiwa inabaki kwa ajili ya mzizi. Ukiitawanya kila punje inakutana na mfinyanzi mpya wenye njaa. Halafu nikatandaza nyasi kavu ili isikauke sana kati ya maji na maji, si kwa ajili ya kufungiwa tu, hata potashi iliyo huru inatembea kwenda kwenye mzizi ndani ya maji, udongo ukikauka hata kama ipo haifiki.

Lingine ni mpangilio wa urea. Urea ikiwa udongoni inageuka amoniamu kwanza, na hiyo amoniamu ukubwa wake unakaribiana sana na potashi, inaingia kwenye vishimo vilevile. Ikitangulia inajaza nafasi, potashi ikija inakuta watu wamekaa, inabaki nje ambako ndo tunaitaka. Ikija nyuma ya potashi inaweza kuwa kama mtu aliyekaa mlangoni kwenye daladala, wa ndani hatoki. Mi mwaka juzi nilianza na potashi ya NPK halafu urea juu yake. Sikujua. Nani angejua?

Halafu mabua. Hapa Usukumani tunaambiwa kung'oa miti ya pamba na kuichoma baada ya mavuno kwa sababu ya wadudu, na ni sawa, ila tunachoma kwenye rundo moja kisha tunasahau. Potashi haiendi na moshi kama naitrojeni, inabaki kwenye majivu. Nenda shambani kwangu leo utaona duara moja kijani iliyokolea kuliko pote, ndo palipochomwa rundo. Sasa nayazoa majivu nayatawanya kule luseni, mbuga siyapeleki maana ya kwangu tayari ina chokaa chokaa ya kutosha na majivu yangezidisha, na usiyachanganye majivu na urea wala SA kwenye ndoo moja, utasikia ile harufu ya kuwasha puani, hiyo ndo naitrojeni yako inakuaga. Mabua ya mpunga nayo, tani moja ya makavu inabeba kama kilo 15 za potasiamu, zaidi ya nusu ya mfuko wa MOP, na tunayauza kwa kulisha ng'ombe wa watu kwa bei ya soda.

Na boma la ng'ombe. Potashi nyingi ng'ombe anaitoa kwenye mkojo, siyo kwenye kinyesi, na haijashikamana na kitu, mvua ikipiga boma wazi yale maji ya rangi ya chai yanayotiririka ndo potashi inaondoka. Miaka yote pale chini ya boma letu pana mpapai mmoja unazaa kama umelogwa, mama alikuwa anasema ni baraka za marehemu baba. Sitaki kubishana na mama. Ila nimechimba kidimbwi kidogo pale, nimeweka mabua makavu yanyonye yale maji, nikitoa hapo napeleka shamba.

Matokeo ya mwaka jana mbugani yalikuwa bora, kingo hazikuungua kama mwanzo na mnunuzi alikataa matunda machache, lakini mvua nayo ilikuwa nzuri na mbegu nilibadilisha, kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema ni kifereji kilichofanya kazi. Mpwa wangu ananikatalia hata kulitamka hilo, ananiambia mjomba huna mistari ya kulinganisha. Basi msimu huu nimemsikiliza. Nimepiga vigingi kule chini, mistari minne haina potashi kabisa, minne nimeweka kisoda kila shina kama zamani, minne nimeweka kwenye kifereji na samadi, mbegu moja, siku moja ya kupanda, maji sawa. Kila mstari una kijiti chenye kitambaa cha rangi yake, na watoto nimewaapiza asing'oe mtu. Mke wangu analalamika hiyo mistari minne mitupu ni pesa inayotupwa. Tutahesabu kreti za kila kundi na mkinipa nafasi tena nitaandika zimetoka ngapi ngapi, hata kama kisoda ndo kimeshinda.

Mkulima wa nyanya na pamba,
Kwimba, Mwanza